Kelele za Simu

Katika dodoso lenye maswali arobaini na mawili, hakuna swali lililomchoma Nasike kama la kumi na tisa. Lilisema hivi: "Je, wewe humpa mtoto simu ili atulie nawe ufanye kazi zako?" Kila alipolifikia alikohoa kidogo, akageuza ukurasa usiohitaji kugeuzwa, kisha akaliuliza kwa sauti ya mtu ambaye jambo lenyewe halimhusu ndewe wala sikio. Baadhi ya akina mama wa Kitengela walicheka wakakiri. Wengine walinuna. Mmoja wa kule Tuala alimgeuzia kibao: "Na wewe, madam, wako umemwachia nini leo?" Nasike aliandika kwamba mhojiwa amekataa kujibu.

Wake alikuwa amemwachia simu. Huo ndio ukweli, hata tukiuzungusha vipi. Khisa, mwanawe wa miaka mitatu, alishinda kwenye kochi katika nyumba yao ya kupanga hapo Kitengela, mkononi simu kuukuu ya baba yake, akitazama katuni za magari yanayoimba. Aketch, dada wa kazi, alikuwa na nguo za kufua na chakula cha kupika, na hakuna aliyemwajiri awe mwalimu. Felix, baba mtu, aliondoka alfajiri na kurudi mtoto akiwa amelala. Naye Nasike alikuwa barabarani siku tano kwa wiki, akiwauliza wanawake wenzake kwa nini watoto wao wanashika simu. Wahenga walisema mganga hajigangi. Walichosahau kutuambia ni kwamba mganga huyo pia hukosa usingizi.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa chuo kikuu kimoja cha Nairobi, nao ulitaka kujua watoto walio chini ya miaka sita wanatumiaje simu nyumbani. Familia thelathini za Kitengela na vitongoji vyake, na kumi na mbili za vijiji vya Kajiado. Kila nyumba itembelewe mara tatu, mazungumzo yarekodiwe, yaandikwe neno kwa neno, kisha sauti ifutwe. Aliyeuongoza ni Daktari Katee, mwanamume mwembamba, mpole, mwenye kupenda kanuni kuliko chakula. Siku ya mafunzo aliwaambia, "Mtafiti ana macho mawili na masikio mawili, lakini hana mdomo. Mdomo wako ni wa yale maswali yaliyoandikwa tu. Ukianza kumshauri mama, umeharibu data, na pengine umemharibu mama mwenyewe." Nasike alipigia mstari maneno hayo kwa kalamu nyekundu. Angeyasoma mara moja kwa wiki, hadithi hii isingekuwepo.

Nyumba ya Soipan ilikuwa nusu saa kwa bodaboda kutoka Kajiado mjini, nyumba ya mabati ya vyumba viwili na boma la mbuzi kando yake. Mumewe Nelson alikuwa amepeleka ng'ombe upande wa Namanga kutafuta nyasi. Soipan aliuza maziwa, na alikuwa na binti mmoja wa miaka minne na nusu, Nalotuesha, ambaye asubuhi alienda chekechea ya kanisa na mchana alirudi akavua viatu mlangoni kama mtu mzima aliyechoka na kazi.

"Takwenya," Nasike alisalimu, kwa Kimaasai chake cha mafunzo.

"Iko," Soipan aliitika, akatabasamu kwa jinsi mgeni alivyolivuta neno. "Karibu, madam. Keti hapo, hiyo kiti ingine inauma."

Nasike aliweka rekoda kwenye kigoda, akasoma fomu ya ridhaa, Soipan akatia sahihi polepole, herufi moja baada ya nyingine. Maswali yakaanza. Nyuma ya pazia la chumba cha pili Nalotuesha alikuwa na simu ya mama yake yenye kioo kilichopasuka. Kutoka kwenye simu hiyo ilisikika sauti ya mwanamke mzee, yenye mikwaruzo, ikisema maneno machache kisha ikinyamaza kidogo. Na kila iliponyamaza, mtoto alisema, "Naai." Sauti ikaendelea. "Naai." Ikafika mwisho, ikaanzishwa upya.

"Anasikiliza nini?" Nasike aliuliza.

"Ni simu tu."

"Lakini ni nani anaongea?"

Soipan aliangalia sakafu. "Ni mtu."

"Mtu gani?"

"Ni mtu tu, madam. Uliza hizo zingine."

Mtu mwingine angeelewa hapo hapo kwamba amegonga mlango usiofunguliwa. Lakini Nasike alikuwa Mbukusu wa Bungoma, na kwao marehemu hutajwa jina mchana kweupe mpaka mtoto apewe jina hilo. Huyu Khisa wake mwenyewe alibeba jina la babu ya Felix aliyekwisha kuzikwa. Hakujua kwamba amekaa mbele ya mtu ambaye kwao jina la aliyeondoka halitamkwi, kanisa liwepo lisiwepo. Basi aliuliza hizo zingine. Akauliza bila kupumzika, mpaka Soipan alipomletea kikombe cha chai ya maziwa mazito na kumkatiza: "Kunywa kwanza, madam. Maswali haitaoza."

Jioni hiyo, nyumbani, Nasike aliyaandika mazungumzo yale neno kwa neno. Penye sauti ya mwanamke mzee aliandika kwenye mabano: kelele za simu. Penye chai aliandika: mapumziko. Na pembeni, kwenye safu ya maoni ya mtafiti, akaongeza kwamba mtoto anarudiarudia neno lisilo na maana, huenda ni dalili ya uraibu. Alijisikia mtaalamu sana.

Kwa kuwa Soipan alikuwa ameishia darasa la nne na daftari la kila siku lingemtesa, Nasike alikuwa amemwachia mkebe mtupu wa kahawa na kikombe cha maharagwe. Kila mtoto akishika simu kwa robo saa hivi, tia haragwe moja. Ukifika usiku, hesabu, tia alama, mwaga, uanze upya. Ulikuwa ubunifu wake mwenyewe, na Daktari Katee aliusifu mbele ya wenzake.

Siku ya ziara ya pili ilianza vibaya tangu asubuhi. Nasike alimpeleka Khisa kliniki ya chanjo, na nesi, mama mmoja mnene asiyepepesa macho, alimwuliza mtoto jina lake. Khisa alimtazama tu. Akamwonyesha mpira: hii ni nini? Khisa alisema, "Brumm." Nesi aliandika kitu kwenye kadi, kisha akamwuliza Nasike kwa upole, ule upole unaouma, "Nyumbani nani huongea na yeye?" Nasike alijibu kwamba wote huongea naye. Alipomrudisha nyumbani alijaribu kumnyang'anya ile simu kuukuu. Mtoto alipiga kelele, akajitupa chini, akajigonga kichwa kwenye mguu wa meza, na Nasike, ambaye tayari alikuwa amechelewa, alimrudishia simu na kukimbia. Njia nzima hadi Kajiado alijichukia.

Kwenye mkebe wa Soipan alikuta maharagwe kumi na mawili ya jana peke yake.

"Haya ni masaa matatu," alisema.

"Ni hivyo," Soipan alikubali. "Ile sauti anapenda. Asubuhi, akitoka shule, na hapo mbuzi zikirudi."

"Sauti moja hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo mdomo ambao mtafiti hakupewa ulipoota. Nasike alijisikia akiongea kabla ya kuamua kuongea. Alimwambia Soipan kwamba mtoto anayerudia sauti moja kutwa nzima atachelewa akili. Alimwambia mtoto hujifunza kwa watu, si kwa vyuma. Alisema mambo ambayo nesi hakuyasema lakini yeye aliyasikia, akayasema yote, kwa mama ambaye binti yake alikuwa amemsalimu Nasike mlangoni kwa lugha mbili na kumwambia kwamba mbuzi mwenye pembe moja ni mkorofi.

"Sasa nifanye nini?" Soipan aliuliza.

"Zifute. Hizo sauti zote. Akikosa atasahau, baada ya wiki utaona."

"Zote kabisa?"

"Kabisa, mama Nalotuesha. Mimi ningekuwa wewe, ningefuta leo."

Rekoda ilikuwa imezimwa. Soipan aliigeuza simu mapajani mwake. "Hata wamama wa kanisa walisema hiyo kitu si mzuri kwa mtoto," alisema mwishowe, polepole. "Na sasa university pia inasema."

Nasike hakumsahihisha. Hilo ndilo lililomkaba baadaye kuliko mengine yote, kwamba alisikia neno lile, university, likitajwa kama sahihi chini ya ushauri wake, akaliacha lipite.

Wiki tatu baadaye, ziara ya tatu, mkebe ulikuwa na haragwe moja. Moja tu. Soipan alieleza kwamba hiyo ilikuwa ya Nelson kumpigia mtoto kutoka Namanga. Nasike alishangilia moyoni. Alifunga maswali yake yote, akakusanya mkebe na karatasi, na kwa kuwa bodaboda wake alikuwa amechelewa, alitoka nje kusubiri wakati mbuzi wakirudi.

Nalotuesha alikuwa amesimama kwenye lango la boma la miiba. Mkononi alikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia, amekibana sikioni. Mbuzi walikuwa wanampita kushoto na kulia. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama watoto wa kule wanavyomwinamishia mkubwa kichwa ili awaguse. Alisubiri kidogo. "Naai," alisema. Akasubiri tena, kimya, akihesabu kimya kile kwa namna anayoijua mwenyewe. "Naai."

"Kwani neno hilo maana yake ni nini?" Nasike alimwuliza Soipan.

Soipan alikuwa amebeba ndoo ya maziwa. Aliiweka chini. "Ni kuitikia," alisema. "Mkubwa akikubariki, anasema, Mungu akutunze. Unasema, naai. Anasema, ukue uwe na kivuli kama oreteti, ule mti kubwa. Unasema, naai. Kama huitikii, baraka haishiki."

"Na ni nani aliyekuwa akimbariki?"

Kisha Soipan, bila kutaja jina, alisema, "Yule aliyenizaa mimi."

Habari yote ilitoka hapo, kwa vipande. Yule aliyemzaa aliishi Ewuaso Kedong, mbali, miguu ilikuwa imekwisha na hakuweza kusafiri. Nalotuesha alizaliwa kabla ya wakati, mdogo, watu wakasema hataishi. Bibi akaapa kumbariki kila jioni mbuzi wakirudi, mpaka siku mtoto atakapong'oka jino la kwanza. Kwa kuwa hakuweza kuja, kijana wa ndugu yake, Isaac, alimrekodia sauti na kuzituma kwa simu. Jioni kwa jioni, miaka minne. Mwezi wa tatu mwaka huu zikaacha kuja. Soipan alikuwa amehifadhi alizoweza, tisa. Mtoto alijua tu kwamba koko, yaani bibi yake, yuko ndani ya simu na kwamba lazima amwitikie.

"Jino bado," Soipan alisema. "Hiyo ndiyo kitu inanisumbua. Jino bado haijatoka."

"Isaac je? Si yeye alizituma?"

"Aliuza hiyo simu zamani. Nilimpigia siku ile ile nilifuta, ile jioni. Nikamwambia nimefanya ujinga."

"Hukuniambia," Nasike alisema. Sauti yake mwenyewe ilimsikikia kama ya mtoto anayetafuta wa kumsingizia. "Nilikuuliza ni nani, hukuniambia."

"Ningekuambia aje, madam? Hiyo jina haisemwi." Soipan aliinua ndoo yake. Hakusema kwa hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

Ofisini, Jumatatu, Daktari Katee alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Alikuwa ameweka nyumba zote arobaini na mbili kwenye mchoro, na mstari mmoja ulikuwa umeporomoka kama jiwe. "Nyumba namba thelathini na saba," alisema, akigonga kioo kwa kalamu. "Kutoka maharagwe kumi na mawili hadi moja, ndani ya wiki tatu. Hakuna nyingine iliyofanya hivi. Hii ni makala nzima, Nasike. Huyu mama amefanya nini?"

"Sijui, Daktari," Nasike alisema.

Alirudi kwenye meza yake. Hakuwahi kujiona mtu mwongo. Alijiona mtu anayechelewa kusema kweli, na siku ile aliona hakuna tofauti. Alichukua vipokea sauti vya masikioni, akafungua faili la ziara ya kwanza, na akajisikia akiingia nyumbani kwa Soipan. Takwenya. Iko. Na kule nyuma, kwa mbali, sauti yenye mikwaruzo ikaanza.

Ilikuwepo. Mungu wangu, ilikuwepo. Bibi alisema maneno yake ya kwanza, yakasikika, mtoto akaitikia, bibi akaanza tena, na hapo sauti nyingine kubwa, yenye elimu, ikamkanyaga: "Swali la kwanza. Je, ndani ya nyumba hii kuna simu ngapi?" Nasike alisogeza mbele. "Je, mtoto huishika kwa ruhusa au bila ruhusa?" Akasogeza tena. Kila alikomtafuta bibi alijikuta yeye mwenyewe, amesimama mbele yake, anauliza. Hakufika dakika ya kumi. Alivua vile vipokea sauti na kutazama tarehe iliyoandikwa kwenye faili: lifutwe Ijumaa.

Angeweza kuliiba. Tusijifanye watakatifu, aliliwazia jambo hilo siku nzima ya Jumatatu na nusu ya Jumanne. Kunakili faili ni kazi ya sekunde tano. Lakini angempelekea Soipan kitu cha wizi kufuta kosa la uongo, na mchoro wa Daktari Katee ungebaki pale ukutani, ukiporomoka kwa uzuri, ukisema kwamba mama mmoja wa Kajiado alijiamulia mwenyewe. Jumanne mchana alibisha hodi.

Alieleza yote akiwa amesimama. Daktari Katee hakumkatiza. Alipomaliza, mzee yule alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena.

"Kwa hiyo hii nyumba imetoka kwenye utafiti."

"Ndiyo, Daktari."

"Na wewe huendi tena kwenye nyumba ya mtu. Utaingiza data mpaka mwisho wa mwezi, kisha tutaagana."

"Ndiyo, Daktari."

"Siku ile nilisema utamharibu mama, nilikuwa natafuta kuchekesha tu," alisema, na Nasike aliona kwamba naye ameumia. Alivuta droo, akatoa karatasi. "Sauti ni ya mwenyewe. Ana haki ya kuomba nakala. Lakini aombe yeye, kwa mkono wake, akijua ni kwa nini. Sio wewe umwombee. Nenda mara moja tu, na umweleze kila kitu ulichonieleza mimi. Kila kitu."

Akaenda Jumatano. Soipan alimkaribisha kwenye kiti kisichouma, kisha akaketi. Hakuwasha jiko. Nasike alimweleza: kwamba kanuni ilimkataza kutoa ushauri wowote, kwamba hakuna kitabu wala daktari aliyesema sauti zile zifutwe, kwamba asubuhi ile alikuwa amegombana na mtoto wake mwenyewe ambaye hushinda na simu na hajui kusema mpira.

"Kwa hivyo haukuwa umetumwa," Soipan alisema.

"Sikutumwa."

"Nilifikiri ni university imesema. Nilifikiri mtu amesoma akaona." Alikunja na kukunjua ukingo wa leso yake. "Kumbe ilikuwa ni wewe tu na mambo yako."

"Ilikuwa ni mimi tu."

Soipan alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa kiganja. Nasike hakumshika bega, maana hakujiona ana haki hiyo. Kisha Soipan aliivuta ile karatasi, akaandika jina lake, herufi moja baada ya nyingine, akamrudishia bila kumtazama. "Lete hiyo kitu," alisema. "Uilete wewe mwenyewe. Na ukuje saa ya mbuzi."

Daktari Katee alimruhusu kurudi mara moja hiyo ya ziada, kwa kuwa mwenye sauti ndiye aliyeomba. Alhamisi jioni Nasike alitia memori kadi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa amemwonya Soipan kwamba sauti ya bibi haikai peke yake, kwamba maswali yamelala juu yake. Soipan alisema wacha tusikie. Hakukuwa na chai. Katika nyumba ya Mmaasai, mgeni asiyepewa chai anajua alipo, na Nasike alijua.

Mbuzi walikuja na vumbi lao. Nalotuesha aliingia mbio, akaona simu iko mezani, akaona mama yake anaigusa. Sauti yenye mikwaruzo ilipotoka, mtoto hakuruka wala hakupiga kelele. Alisogea tu, akainamisha kichwa mbele ya simu.

"Naai," alisema.

Kisha ikaja ile nyingine. Swali la kwanza. Simu ngapi, ruhusa ipi, dakika ngapi kwa siku. Nasike alikaa kwenye kiti chake akijisikiliza akiuliza, ametulia, ametamka vizuri, hana aibu hata chembe. Chini yake bibi alikuwa anabariki, na hakuna aliyeweza kusikia alikuwa anaomba nini. Mtoto alikunja uso. Alisogeza sikio karibu. Alijaribu kuitikia, akakosea pa kuitikia, akaitikia katikati ya swali la kumi na nane, akatingisha kichwa kwa uchungu. Swali la kumi na tisa likafika: je, wewe humpa mtoto simu ili atulie nawe ufanye kazi zako?

"Yieyo," Nalotuesha alimwita mama yake, "huyu anaongeleshana na koko ni nani?"

Kwenye simu, swali la ishirini lilianza.

"Mwambie anyamaze," mtoto alisema. "Mwambie anyamaze nisikie koko."

Nasike alitamani sakafu ile ya udongo impokee. Machozi yalimtoka waziwazi, na hakuna alichoweza kumwambia mtoto, kwa sababu alikuwa ameshanyamaza, na kwenye simu alikuwa bado anauliza. Soipan alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. Kisha akainuka, akaenda kwenye chupa ya chai iliyokuwa nyuma ya pazia, ambayo kumbe ilikuwa imejaa muda wote huo.

"Ngoja kidogo, Nalotuesha," alisema, akimimina. "Sasa hivi atapewa chai."

Alimtia Nasike kikombe mikononi, kikiwa moto. Na ndani ya simu, kikombe kingine kiligonga kigoda, na Soipan wa siku ile akasema, "Kunywa kwanza, madam. Maswali haitaoza." Yule muulizaji akanyamaza. Bibi akabaki peke yake ndani ya nyumba, sauti yake na mikwaruzo yake yote, akisema maneno machache, akisubiri.

"Naai," Nalotuesha alisema.

Bibi akasema tena, akasubiri. Mtoto akaitikia. Soipan naye, amesimama, chupa mkononi, akaitikia kwa chinichini. Kikombe kilimchoma Nasike vidole. Alikishika vivyo hivyo, hakunywa, hakukiweka chini, asije akagonga kitu.